Mwosha wa Tausini

Vitumbua vyake vilikuwa vitamu kuliko vya mtu yeyote mtaani kwetu, na nusu ya mtaa haikuthubutu kuvila. Asubuhi aliketi mbele ya nyumba yake, jiko la mkaa kulia, beseni la unga wa mchele kushoto, akivigeuza kwa kijiti cha chuma. Watu walimpita wakamsalimia kwa adabu zote, kisha wakaenda kununua vitumbua vilivyoungua kwa mama wa pale kona. Sababu ilijulikana. Mikono iliyokoroga unga ule ndiyo iliyoosha maiti wa kike wa Tausini, na wengine wengi wa kata nzima ya Dunda.

Angeweza kuacha kuuza. Angeweza hata kumwajiri binti akae pale jikoni badala yake. Hakutaka. Siku moja bibi harusi mgeni, aliyehamia kutoka Lugoba, alinunua vitumbua vitano, akanong'onezwa na jirani, akarudi kuviweka kwenye sinia pole pole. Mwosha alimtazama.

"Mwanangu, mikono hii inanawa kwa kafuri. Yako inanawa kwa kitu gani?"

Yule bibi harusi akavichukua tena. Akawa mteja wake mpaka leo.

Tulimwita Mwosha, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyemwita vinginevyo. Mie nilikuwa jirani yake, ukuta mmoja kati yetu, kwa zaidi ya miaka ishirini. Kazi yangu ni kuchora vibao: saluni, maduka ya dawa, ubavu wa bajaji, majina ya mitumbwi ya watu wa Saadani wakija mjini. Nilizoea kukaa upenuni nikikausha rangi huku namsikiliza akigombana. Maana aligombana. Aligombana na muuza mkaa, na kuku wa jirani, na redio ikisoma habari asizozipenda. Kwenye karata alikuwa mwizi wa wazi. Ukimshika na karata chini ya khanga anakuuliza umeiona vipi kama wewe nawe hukuwa unachungulia. Umri wake aliutaja tofauti kila mwaka, na kila mwaka ulipungua. Na mwanamke huyu aliyekaa peke yake na maiti bila kutikisika, radi ikipiga alijificha uvunguni mwa kitanda na hatoki mpaka aitwe mara tatu.

Lakini wanawake waliomsaidia kazini walisimulia mtu mwingine. Walisema ndani ya chumba cha kuoshea sauti yake ilishuka kabisa. Alizungumza na maiti kama mtu anayemvisha mtoto aliyelala. "Nipe mkono, mama. Haya, na huu mwingine. Maji si ya baridi, nimeyapima." Majani ya mkunazi aliyachuma mwenyewe, na mtu akizungumza habari za nje mle ndani alimtoa.

Siku niliyoanza kumwelewa ilikuwa siku ya mazishi ya mzee mmoja tajiri wa mtaa wa pili. Huku kwetu, maiti akishafukiwa, sheikh hukaa kichwani mwa kaburi akamsomea talkini, maneno ya kumkumbusha marehemu majibu ya kaburini, na katika talkini mtu haitwi kwa jina la baba. Anaitwa kwa jina la mama yake. Kwa hiyo kabla jeneza halijatoka, sheikh aliuliza pale mlangoni, "Mama wa marehemu nani?"

Yule mzee alikuwa na watoto wa kiume sita. Wote wangeweza kukuhesabia mababu saba bila kupumua. Walitazamana. Mmoja akasema nadhani Fatuma. Mwingine akasema hapana, Fatuma ni bibi wa upande ule. Jua lilikuwa kali na watu mia wamesimama. Ndipo sauti ikatoka ndani, nyuma ya pazia la wanawake:

"Bin Salama! Salama binti Mgeni! Mnalia kwa kelele zote hizo, na mama yake hamumjui!"

Sheikh akainamisha kichwa kuficha kicheko, akaondoka na jina lake.

Baadaye nilimuuliza Mwosha amelijuaje. Akaniambia mwosha aliyemfundisha kazi, bibi mmoja aliyekufa zamani, alimlazimisha kuyasema majina kila walipoosha: huyu binti fulani, naye mama yake binti fulani, na mama wa mama yake. Akikosea, anarudia toka mwanzo na ndoo mkononi. Yule bibi naye alifundishwa hivyo hivyo na aliyemtangulia.

"Wanaume majina yao yameandikwa kwenye hati za viwanja na kwenye milango," alisema. "Wanawake wamewekwa hapa." Akajigonga paji la uso kwa kidole chenye unga.

Nilimwambia ayaandikishe. Akakataa katakata. Kitu kikiandikwa, alisema, watu wanaacha kukijua.

Sasa nifike kwenye kibao.

Mwaka mitaa ilipowekewa vibao na nyumba kupewa namba, serikali ya mtaa wetu iliamua kibao cha Tausini kiwe na maneno machache ya kueleza jina lilikotoka, kwa ajili ya wageni wanaokuja kuutembelea mji mkongwe. Kazi ya kutoa maelezo ilipewa familia kongwe ya mtaa, na familia hiyo ni yetu, upande wa mama yangu. Mkubwa wake alikuwa Mjomba, kaka wa marehemu mama, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na maneno yaliyopimwa. Aliniletea karatasi. Ilisema mtaa umeitwa Tausini kwa sababu ya ndege tausi waliofugwa na mfanyabiashara wa kwanza kuhamia hapa kutoka Shihiri, ng'ambo ya bahari, babu wa ukoo wetu.

Hadithi hiyo nilikua nayo. Sikuitilia shaka. Nilichora siku mbili, na juu ya maneno nikachora tausi mkubwa, mkia umefunguka, macho yote ya manyoya nimeyatia dhahabu. Sijawahi kuchora kitu kizuri kama kile. Alhamisi tukakisimika kwenye njia panda ya kisimani.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, wakamkuta Mwosha amesimama juu ya kigoda na tambara lililolowa mafuta ya taa. Alikuwa ameanzia mkiani.

Nilikimbia nusu nianguke. "Mwosha! Unafanya nini?"

"Naosha."

"Lakini hii ni kazi yangu! Ni mali ya mtaa!"

Akashuka kwenye kigoda taratibu, akakunja tambara. Watu walikuwa wamejaa. Hakupaza sauti.

"Mama yako nimemwosha mie. Unakumbuka aliitwaje kwenye talkini?"

"Zuhura binti Mwanakombo."

"Na Mwanakombo binti nani?"

"Mize. Binti Mize."

"Na Mize?"

Mie, niliyeandika majina ya watu wote wa mji huu juu ya mabati na mbao, sikujua.

"Binti Tausi," alisema. "Tausi alikuwa mtu. Umemchora bibi yako manyoya."

Jioni ile alinieleza yote, akiwa amekaa kwenye kizingiti chake, nami chini kwenye mkeka. Tausi aliteremka kutoka bara na msafara, mzigo kichwani. Mguu wake ulikuwa umeoza kwa kidonda, na walipokaribia mji wakamwacha kwenye vichaka vya nyuma ya mikoko afe. Hakufa. Akachimba pale alipolala, akapata maji matamu mahali ambapo kila mtu aliamini hakuna ila maji ya chumvi. Akajenga kibanda. Wanawake wa mjini wakaanza kuja na mitungi. Ukimuuliza mmoja anakwenda wapi, anakujibu, kwa Tausi. Baadaye wakasema Tausini. Yule Mshihiri alikuja miaka mingi baadaye, akamwoa Mize, binti wa Tausi.

"Alikuja akakuta jina," alisema Mwosha. "Alikuta na maji."

Nilimuuliza kama Tausi alikuwa mjakazi au mchukuzi wa ujira. Akasema hajui. Aliyemfundisha hakumwambia, na yeye hawezi kuliongezea jina la mtu kitu asichopewa.

Mjomba alijua. Hilo nililigundua nilipompelekea habari. Hakushangaa hata kidogo. Alikasirika tu, na mtu hukasirika hivyo akiguswa mahali anapopajua.

"Jina kama hilo unajua walikuwa wakipewa watu gani," aliniambia. "Unataka wajukuu zangu waitweje shuleni?" Neno mtumwa hakulitaja.

Mkutano ukaitishwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Viti vya plastiki havikutosha, wengine wakasimama madirishani. Mwenyekiti akampa Mjomba nafasi ya kwanza, na Mjomba akasema vizuri, kwa heshima, habari za wazee na sifa za mtaa. Kisha akamgeukia Mwosha.

"Dada yangu, unayo karatasi yoyote?"

"Kwani mama yako anayo karatasi?"

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. "Ukoo," alisema, "hauwezi kufundishwa na mtu anayeosha maiti."

Mwosha akainuka, akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"Mwenyekiti, mie sina maneno mengi. Ndege tausi anapiga kelele, hata mtu wa mbali kule Nia Njema angemsikia. Katika wazee wa mji huu, nani aliyesimuliwa na bibi yake kwamba aliwahi kusikia mlio wa ndege huyo hapa? Unyoya mmoja tu, mwenye nao auonyeshe." Akawapitia wote kwa macho, kisha akamgeukia Mjomba. "La pili. Kila aliyekaa humu siku yake ikifika ataitwa kwa mama yake. Hata wewe, Hajj. Hutaitwa kwa ndege."

Mie nilikuwa kiti cha nyuma. Watu kadhaa waligeuka kunitazama, maana nilikuwa mtu wa ukoo na ndiye mchoraji, na neno langu lingekuwa na uzito. Nilitazama vidole vyangu vyenye rangi. Sikusema kitu. Nimefanya mambo mengine ya aibu maishani, lakini lile ndilo ninalolikumbuka nikiwa nanyoa ndevu.

Mwenyekiti akaahirisha, na uamuzi haukutoka. Kibao kikabaki vile vile njia panda, ndege hana mkia. Mjomba akatangaza nyumbani kwake kwamba Mwosha asikanyage tena, kwa uhai wala kwa msiba. Mwosha alipopata habari alikuwa anageuza vitumbua. "Haya," alisema, na akaendelea kugeuza.

Dada mkubwa wa Mjomba na wa marehemu mama, Mama Mkubwa wangu, alikuwa akiishi humo humo kwa Mjomba, miguu haimchukui tena. Nilikwenda kumjulia hali wiki chache baadaye.

"Nasikia ndege wako kabaki kichwa," alisema.

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia nifunge mlango. "Bibi yetu Mize alituonya tusimtaje mama yake. Alituambia hivyo akiwa analia, na mie nilikuwa mdogo, nikadhani Tausi alifanya jambo baya. Sasa aliyetukataza kafa, na sie tuliokatazwa tunakwisha. Tunamficha nani?" Akanishika mkono. "Siku yangu ikifika, mtu mwingine asinioshe. Umesikia? Hata mjomba wako asemeje."

Alifariki asubuhi ya Jumapili. Nilipofika, Mjomba alikuwa ameshaagiza mwosha mwingine kutoka kata ya jirani, na wanawake wanachemsha maji uani. Mwosha alikuwa amekwisha fika. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango mkubwa na kikapu chake magotini, na Mjomba amesimama mbele yake, macho mekundu ya kulia.

"Nani kakuita?"

"Kaniita mwenyewe."

"Nyumba hii nimekukataza."

"Nyumba yako siitaki. Namtaka dada yako."

Watu wa barazani wakawa wanatazama viatu vyao. Nikasema, "Mjomba, ni kweli. Aliniambia mie, mlango umefungwa. Asiguswe na mtu mwingine."

Mjomba akanigeukia. Alinitazama muda mrefu, na sijui alikuwa akimtazama nani; watu husema nina macho ya mama. Akasogea pembeni. Mwosha akainuka, akavua ndala, akaingia kwa mguu wa kulia, na hakumtupia hata jicho.

Walimaliza karibu na Adhuhuri. Jeneza likawekwa sawa, na sheikh akauliza swali lake pale mlangoni. "Mama wa marehemu?"

"Mwanakombo," alisema Mjomba upesi.

Pazia likafunguliwa. Mwosha alitoka mpaka kizingitini, mikono bado imelowa, harufu ya kafuri imemtangulia.

"Mwanakombo binti Mize, binti Tausi," alisema. "Hivyo ndivyo alivyotaka. Kaniambia kwa mdomo wake kabla hamjanifungia mlango."

Sheikh akamtazama Mjomba. Katika talkini jina la mama mmoja linatosha, na kila mtu pale alijua. Sheikh angeweza kuliacha, na Mjomba alihitaji tu kutikisa kichwa. Alisimama na mkono mmoja juu ya ubao wa jeneza, pale palipokuwa na miguu ya dada yake.

"Soma kama ulivyoambiwa," alisema.

Na ikasomwa. Makaburini, mbele ya wanaume wa mitaa minne, na mwenyekiti akiwemo, na vijana wanaotembeza wageni wakiwemo, sheikh aliita mara tatu, ewe fulani binti Mwanakombo, binti Mize, binti Tausi. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Sikugeuka. Nilikuwa namtazama Mjomba, naye alikuwa amefumba macho, kiganja chake kimejaa mchanga ambao alisahau kuumwaga.

Baada ya arobaini nilikishusha kibao bila kumwomba mtu ruhusa. Nikafuta kichwa cha ndege kilichobaki, nikafuta na Mshihiri. Nikaandika: TAUSINI. Hapa ni kwa Bi Tausi, aliyekuja na mzigo kichwani akachimba kisima. Mwenyekiti alipita akasoma, akasema herufi zimekaa vizuri. Hakuitisha mkutano.

Si kwamba mambo yote yalinyooka. Wale vijana wa kutembeza wageni wanaendelea kusimulia habari za ndege, kwa sababu wageni wanazipenda. Binamu zangu wawili hawanisalimii. Mjomba hakuzungumza tena habari ile, na hakuwahi kumwomba Mwosha radhi. Lakini tangu mwaka jana, kila Ijumaa, mjukuu wake mmoja wa kike huja na kibakuli kununua vitumbua kumi, na anasema waziwazi ametumwa na babu.

Mwosha mwenyewe haoshi tena. Vifundo vya mikono vimemwisha nguvu. Hawezi kumgeuza mtu. Amefundisha wanawake watatu, na bado wanamwogopa. Mwezi uliopita, baada ya Alasiri, alinigongea ukuta kwa kijiti chake. Nilidhani anataka mkaa. Nikamkuta amekaa kitandani, mto mgongoni, amepungua kuliko nilivyokuwa nikimwona kwa mbali.

"Shikamoo, Mwosha."

"Marahaba. Una daftari?"

"La nini?"

"La nini! La kuandika. Wale wasichana watatu wana akili, lakini wanachanganya watu wa Mlingotini na watu wa Kaole. Nikiondoka watamwita mtu kwa mama wa mwenzake."

"Si ulikataa yasiandikwe?"

"Nilikataa. Leo nataka. Utaniburuza mahakamani?"

Nikaleta daftari kubwa la mistari. Akaanza. Hakufumba macho, hakusita. Alitoa majina kwa mfululizo, nyumba baada ya nyumba, akisimama tu kuninyooshea pale nilipokosa. Nilijaza kurasa kumi na moja. Vidole viliniuma. Tulipomaliza upande wetu wa mtaa, nikaona nyumba moja hatujaigusa, nikauliza bila kufikiri.

"Na wewe je? Wewe binti nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona anatafuta jina na halipo.

"Sijui," alisema. "Niliokotwa. Aliyenilea alimuuliza kila mtu, hakupata."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nilianza kusema pole, akanikatiza kwa mkono.

"Hebu acha. Asiyejulikana mama yake anaitwa kwa mama yetu sote. Binti Hawa. Nimewaita wengi hivyo, na hakuna aliyekataa kuitika. Andika."

"Niandike Hawa tu?"

"Hawa. Kwa herufi kubwa, kama za vibao vyako. Na usinitazame hivyo. Daftari zima hilo, nionyeshe mwenye ukoo mkubwa kuliko wangu."

Nikaandika. Akaniambia nimsogezee, akalitazama jina lile kwa muda, akalipitisha kidole.

"Haya, geuza ukurasa," alisema. "Bado watu wa Saadani."